Kupima bure, spea ghali

Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, wenye magari wengi Dar es Salaam na Nairobi huenda gereji na swali moja: spea gani imekufa? Gereji zimejifunza kulijibu upesi. Mashine inachomekwa kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani, msimbo unatokea, spea inatajwa, na ada ya kupima inasamehewa mradi mteja akubali kufungiwa spea hapohapo. Hapo ndipo biashara hii inapokosea. Kazi yenyewe, yaani kutafuta chanzo, inauzwa kwa bei ya kutupa, halafu faida inasakwa kwenye spea. Fundi anayeishi kwa spea hana haraka ya kugundua kwamba tatizo ni mpira wa hewa uliopasuka.

Chukua P0171, msimbo wa kawaida kwenye magari ya petroli. Unasema petroli ni chache kulinganisha na hewa, na kompyuta imeiongeza hadi ikafika kikomo chake. Habari hiyo huletwa na sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi, na mara nyingi ndiyo inayobadilishwa: shahidi anafungwa kwa kosa aliloliripoti. Chanzo chaweza kuwa mpira uliopasuka, gasketi ya manifoldi inayopitisha hewa, sensa ya hewa yenye uchafu, au pampu ya mafuta iliyochoka. Kuvitenganisha hivi hakuhitaji spea hata moja. Mashine nzuri huonyesha, injini ikiwa inaunguruma, kompyuta imeongeza petroli kwa asilimia ngapi. Ongezeko likiwa kubwa injini ikiwa imetulia, kisha likashuka fundi anapokanyaga mafuta hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, yaelekea kuna hewa inayoingia pasipo njia yake. Likizidi gari linapobeba mzigo, tazama pampu, filta ya mafuta au sensa ya hewa. Dakika hizo ndizo zinazostahili kulipiwa.

P0420 ina hasara kubwa zaidi. Inasema masega ya bomba la moshi hayasafishi moshi inavyopasa. Lakini injini inayomisi hutupa petroli isiyoungua kwenye masega na kuyaunguza, hivyo kufunga mapya bila kutibu plagi au koili ni kuyapeleka kaburini. Wapo wanaoshauri yakatwe tu. Mteja aulize kwanza yanakwenda wapi, kwa sababu ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wa vyuma chakavu wanalijua hilo kuliko yeye.

Wenye gereji watasema mteja halipii kupimwa, maana kifaa cha kuunganisha na simu ni bei rahisi. Kweli, lakini kifaa hicho hakimtafutii mtu chanzo, na hata namba hakiisomi kila mara. Sheria iliyolazimisha mfumo mmoja wa kusoma misimbo, kuanzia magari ya mwaka 1996, ilikuwa ya Marekani. Magari mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, ambayo ndiyo yamejaa barabara zetu, yana soketi ileile na bado hayakijibu kifaa hicho. Wengine watasema kubahatisha kwa spea za mtumba ni nafuu. Ni nafuu mara ya kwanza. Maduka mengi hayarudishi fedha ya kifaa cha umeme kikishafungwa, na sensa ya mtumba yaweza kuleta hitilafu ya pili juu ya ile ya kwanza. Hoja yenye uzito ni ya fundi mkongwe, kwamba sikio lake limetengeneza injini kabla ya kompyuta. Sawa kabisa, na mashine haiwezi kusikia mluzi wa hewa kwenye gasketi. Sikio hilo basi liwekewe bei yake, iandikwe kwenye risiti kama kazi, spea inunuliwe au isinunuliwe.

Nawe mwenye gari, ukiambiwa sensa imekufa, uliza imepimwaje kabla hujatoa pesa.