Vifaa vya Mkimbiaji: Kipi Kinunuliwe Kwanza?



Alfajiri, kabla jua halijatokeza, katika barabara za Singe na Babati mjini huonekana watu wakikimbia. Wapo wanafunzi wanaojiandaa kwa mashindano ya shule. Wapo vijana wanaotamani riadha iwe kazi yao. Siku hizi wapo pia akina baba na akina mama wa makamo ambao wameshauriwa kufanya mazoezi kwa sababu ya shinikizo la damu, kisukari au uzito wa mwili.

Jambo hili ni jema, wala si geni katika eneo letu. Gidamis Shahanga wa Katesh alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 mjini Edmonton, Kanada. Miaka 27 baadaye, yaani mwaka 2005, Fabiano Joseph, mzaliwa wa Babati, akawa bingwa wa dunia wa nusu marathoni katika mji huohuo. Na mwezi Septemba 2025 Alphonce Simbu wa Singida, mkoa wa jirani zetu, alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia mjini Tokyo.

Habari za namna hii humtia mtoto hamu, naye humwendea mzazi: "Baba, naomba viatu vya mbio." Mzazi ana ada ya shule, ana mbegu za kununua na chakula cha nyumbani. Hapo mara nyingi hutokea moja kati ya mambo mawili. Ama mtoto anaachwa akimbie na chochote alicho nacho, ama fedha kidogo iliyopo inatumika kwa kitu cha fahari, kama saa au trakisuti ya kung'aa, na kile cha lazima kinasahauliwa. Matokeo yake huletwa kwetu sisi wauguzi: malengelenge yaliyotunga usaha, mfupa wa muundi uliopata ufa, na lililo baya zaidi, mkimbiaji aliyegongwa na gari gizani.

Basi mwezi huu tuvipange vifaa vya mkimbiaji kwa kadiri ya umuhimu wake, ili familia yenye fedha kidogo ijue ianzie wapi.

1. VIATU

Mtu anayekimbia hupiga chini kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili wake mara mbili au zaidi, na kila kilomita ina hatua karibu elfu moja. Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye viatu.

Je, si kweli kwamba wapo walioshinda bila viatu? Ni kweli. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa peku. Lakini alipoishinda tena mjini Tokyo mwaka 1964 alikuwa amevaa viatu na soksi. Mtoto aliyezoea kutembea peku ana nyayo imara, na akikimbia kwenye nyasi za uwanja uliokaguliwa hana ubaya. Barabarani mambo ni tofauti. Huko kuna miiba, vipande vya chupa na misumari. Msumari ukichoma wayo unaweza kuingiza vijidudu vya pepopunda. Aliyechomwa aoshe jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo waangalie chanjo yake. Ndala na katambuga hazifai kwa mbio ndefu, kwa sababu hazishiki kisigino.

Wengi wetu tutanunua mtumba mnadani. Si vibaya, lakini kagua hivi:

- Weka viatu vyote viwili mezani uvitazame kwa nyuma. Kama kimoja kimelalia upande, kiache, kwani kimeshika mwendo wa mwenyewe wa kwanza.
- Bonyeza soli kwa kidole gumba. Inapaswa kubonyea na kurudi. Ikiwa ngumu kama ubao, sponji ya ndani imekwisha, hata kama juu kinang'aa.
- Kikunje. Kinapaswa kujikunja kwenye vidole, si katikati ya wayo.
- Vuta ukingo wa soli uone kama gundi inaachia.
- Toa kitambaa cha ndani, osha kiatu kwa sabuni na ukianike hadi kikauke kabisa kabla ya kuvaa, ili kupunguza hatari ya fangasi.

Jaribu viatu wakati wa jioni, kwa maana miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, kama inavyovimba wakati wa kukimbia. Vaa na soksi, simama, kisha pima. Kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Usimnunulie mtoto kiatu kikubwa sana ukisema atakikulia, maana mguu utateleza ndani na kuchubuka. Zaidi ya yote, kiatu kisimwumize hata kidogo siku ya kwanza. Si kweli kwamba kiatu kinachobana kitazoea mguu.

Viatu vya mbio huanza kuchoka baada ya kilomita 500 hadi 800 hivi. Anayekimbia kilomita 40 kwa wiki atafika hapo kati ya mwezi wa tatu na wa tano. Na kama viatu vilikuwa mtumba, huenda sehemu ya kilomita hizo ilikwishatumika. Kwa hiyo viatu vya mbio visitumike shambani wala shuleni. Vikilowa, toa kitambaa cha ndani, jaza magazeti na uvianike kivulini. Kuviweka karibu na moto hukausha gundi.

2. KUONEKANA BARABARANI

Hili wengi hulisahau, na ndilo linaloua. Gari likienda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa sekunde moja, na hata dereva akiwa macho huhitaji zaidi ya mita 50 kulisimamisha. Mkimbiaji mwenye nguo nyeusi alfajiri huonekana akiwa karibu mno kwa dereva kufanya lolote.

Kifaa chake ni rahisi: kizibao cha kung'aa kama kile wanachovaa waendesha bodaboda na mafundi wa barabara. Michirizi yake hurudisha mwanga wa taa kwa dereva, naye humwona mtu kutoka mbali. Fulana nyeupe ni nafuu kuliko nyeusi, lakini haitoshi peke yake. Tochi ndogo ya kichwani husaidia pia kuona mashimo.

Mkimbiaji apite upande wa kulia wa barabara, nje ya lami, ili magari yaliyo karibu naye ayaone yakimjia usoni. Asiweke muziki masikioni. Kama kuna njia ya pembeni, aitumie. Na kama mzazi hawezi kununua kizibao mwezi huu, basi mtoto asubiri kupambazuke ndipo atoke.

3. SOKSI NA MAFUTA YA MGANDO

Malengelenge hutokana na mambo matatu yanapokutana: msuguano, joto na unyevu. Soksi za pamba nzito hunyonya jasho na kukaa zimelowa. Zinazofaa zaidi ni nyembamba, za nyuzi zinazokauka upesi, zisizo na mshono mnene kwenye vidole, na zinazobana mguu bila kujikunja. Jozi mbili zinatosha, moja mguuni na moja kwenye kamba. Soksi iliyotoboka isivaliwe, kwani ukingo wa tundu hukata ngozi.

Paka mafuta ya mgando kidogo penye kusuguana: kati ya mapaja, makwapani, kwenye chuchu kwa wanaume, na mahali kiatu kinapogusa kisigino. Kata kucha za miguu kwa mstari ulionyooka, zisizidi ncha ya kidole.

Lengelenge likitokea, usilichune ngozi, kwa kuwa ngozi ile ndiyo bandeji bora. Osha, funika kwa kitambaa safi, pumzika hadi likauke.

Mwenye kisukari awe na uangalifu wa pekee. Huenda mishipa ya fahamu ya miguu imepungua nguvu, asihisi hata jiwe ndani ya kiatu. Akung'ute viatu kabla ya kuvaa, atazame nyayo zake kila siku, na azungumze na kliniki yake kabla ya kuanza mbio.

4. NGUO, NA HASA ZA WASICHANA

Bukta na fulana nyepesi zinatosha. Hapa Babati asubuhi za Juni na Julai ni za baridi, hivyo sweta au shati la mikono mirefu linaloweza kuvuliwa na kufungwa kiunoni lina faida. Jua likipanda, kofia yenye ukingo. Watu wenye ualbino wavae mikono mirefu na kofia pana, wapake mafuta ya kukinga jua, na wakimbie mapema au jioni.

Sasa nina neno kwa wazazi wa mabinti. Wasichana wengi huacha michezo wanapopevuka, na wengine huona haya kusema sababu. Matiti yasiyoshikwa vizuri huuma wakati wa kukimbia. Binti anahitaji sidiria imara, yenye mikanda mipana na kitambaa kinachobana kifua bila kuzuia pumzi. Ajaribu kwa kurukaruka mara chache. Ikicheza sana au mpira wake umelegea, haifai. Anahitaji pia taulo za kike za kutosha, kwani hedhi si ugonjwa na haimzuii kukimbia akijisikia vizuri. Mama au shangazi na azungumze naye bila kungoja aulizwe. Magdalena Shauri alimaliza wa tatu katika marathoni ya Berlin mwaka 2023 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Kipaji cha namna hiyo kisipotee kwa sababu ya sidiria.

5. MAJI

Kwa mbio zisizozidi saa moja, maji ya kunywa kabla na baada yanatosha kwa watu wengi. Zikizidi hapo, mkimbiaji awe na chupa ndogo au apange kupita mahali penye maji safi. Anywe kwa kadiri ya kiu. Mkojo wa rangi ya njano hafifu ni dalili njema, na ukiwa wa njano iliyokolea aongeze maji. Lakini kunywa maji mengi kupita kiasi katika mbio ndefu ni hatari pia, kwa sababu huipunguza chumvi ya damu na kuleta maumivu ya kichwa, kuchanganyikiwa, hata kifo. Vinywaji vya gharama vya wanamichezo si lazima. Uji wenye sukari na chumvi kidogo, au ndizi na maji, hufanya kazi vizuri.

6. KARATASI YA MFUKONI

Kifaa hiki hakigharimu kitu. Andika jina lako, namba ya simu ya ndugu, ugonjwa ulio nao na dawa usiyopatana nayo. Funga ndani ya nailoni, weka mfukoni. Mtu akianguka njiani, karatasi hiyo hutuongoza. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta, na anayechoma insulini abebe pipi au sukari.

VISIVYO VYA LAZIMA

Saa ya kupima mapigo ya moyo ni kitu kizuri, ila si lazima. Kipimo cha bure ni mazungumzo: katika mazoezi ya kawaida, uweze kusema sentensi nzima huku unakimbia. Viatu vya bei kubwa vyenye bamba la kaboni vimetengenezwa kwa ajili ya siku ya mashindano, na mtoto wa shule hana haja navyo.

Dawa za maumivu zisihesabiwe kuwa vifaa. Wapo wanaomeza diklofenaki au ibuprofeni kabla ya kukimbia ili wasisikie goti. Mwili uliopungukiwa maji ukipewa dawa hizo, figo zinaweza kuumia.

Hata bandeji ina mahali pake. Sote twamheshimu John Stephen Akhwari wa Mbulu, ambaye katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alianguka, akafungwa mguu, na bado akamaliza marathoni. Ile ilikuwa siku moja ya kuiwakilisha nchi. Mazoezi ya Jumanne si Olimpiki, na anayeumia siku hiyo apumzike.

USINGOJE: NENDA HOSPITALI

- Maumivu ya sehemu moja ya mfupa, yanayozidi ukikimbia na kubaki hata usiku.
- Kidonda au lengelenge lenye usaha, wekundu unaosambaa, homa au mtoki.
- Maumivu ya kifua, kuzimia, au pumzi kukatika kuliko kawaida.
- Kuchanganyikiwa baada ya kukimbia juani.

KWA KIFUPI

Fedha ikipatikana kidogo kidogo, nunua kwa utaratibu huu: viatu vinavyokaa vizuri, kizibao cha kung'aa, soksi jozi mbili, na kwa binti, sidiria imara inunuliwe pamoja na viatu. Mafuta ya mgando, chupa ya maji na karatasi ya mfukoni huenda tayari vimo nyumbani. Vingine vyote vinaweza kungoja.

Jioni ya leo, mzazi mwenye mkimbiaji nyumbani amwombe avilete viatu vyake. Vitazameni pamoja kwa nyuma, bonyezeni soli, kisha umtazame na nyayo. Ni kazi ya dakika tano, na yaweza kumwepusha na wiki nyingi za kulala kitandani.