Daktari wa nafsi aliyerudi kwenye Kitabu

Mwezi wa Rajab nilikwenda Illasit kumzuru mtoto wa ami yangu, ambaye ana duka la nguo na viatu huko. Kwa asiyeujua, Illasit ni mji mdogo wa mpakani katika kaunti ya Kajiado, chini ya mlima Kilimanjaro. Ukivuka upande wa pili uko Tarakea, Tanzania. Sisi wa Pwani twafika kwa njia ya Voi na Taveta, kisha twapanda kupitia Njukini, na baridi ya kule asubuhi si ya mtu wa Mombasa.

Ana kijana wa kiume wa miaka 22. Tangu mwaka uliopita kijana halali usiku, huzungumza peke yake, na hushikilia kwamba majirani wanamsikiliza kupitia simu iliyozimwa. Ameshapelekwa kwa oloiboni wa Kimaasai. Amevushwa mpaka kwa mganga. Ameandikiwa kombe kwa zafarani akanywa, na jirani mmoja Mkristo, kwa nia njema kabisa, akamleta mchungaji wake amwombee. Huyo mganga peke yake alikula mbuzi wawili na shilingi elfu arobaini. Mahali ambapo kijana hakupelekwa ni hospitali tu. Nilipouliza kwa nini, baba mtu alinijibu: "Mdogo wangu, kule watampa vidonge vya kulala. Hawa watu hawaijui roho."

Nililala na jibu hilo. Maana yupo mtu aliyeisomea kazi hii ya hospitali mpaka kileleni, akafundisha, akatibu, kisha akasimama mbele ya wenzake akasema neno linalokaribiana sana na la mtoto wa ami yangu. Tofauti yao ni ndogo, lakini ni tofauti inayoweza kuokoa mtu.

Jina lake ni Profesa Malik Badri. Alizaliwa Rufaa, Sudan, mwaka 1932, na amefariki Februari 2021. Shahada zake za kwanza alizipata Beirut, katika Chuo Kikuu cha Kimarekani, na udaktari wa falsafa akaupata Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, mwaka 1961. Kisha akajifunza kazi ya kutibu wagonjwa wa nafsi huko huko Uingereza. Kwa hiyo huyu hakuwa sheikh aliyeamka siku moja akaitukana saikolojia bila kuisoma.

Shida yake ilianza alipoileta elimu ile kwa watu wetu. Vitabu alivyosomeshwa vilikuwa na pande mbili kubwa. Upande mmoja ulikuwa wa Freud, daktari wa Vienna, aliyeiona dini kama kiini macho, mtoto aliyekua anaendelea kumtafuta baba. Upande wa pili ulikuwa wa wale wanaochunguza tabia, ambao walijifunza mengi kutokana na panya na njiwa, na hawakutaka kusikia habari ya roho kwa sababu roho haipimwi maabara. Sasa mchukue mgonjwa anayeswali mara tano, anayemwogopa Mola wake, anayeamini kwamba dhambi aliyoifanya ndiyo inayomkosesha usingizi. Ukimwambia hayo yote si kitu, umebaki kuzungumza naye nini?

Katikati ya miaka ya 1960 Badri alikuwa akitibu wagonjwa Rabat, Morocco. Kuna mwanamke mmoja aliyemtibu huko, ambaye wasiwasi na huzuni vilikuwa vimemshika kila upande. Njia iliyokuwa ikisifiwa wakati ule ni ya kumlegeza mgonjwa mwili, kisha kumzoesha polepole kile anachokiogopa, hatua kwa hatua, mpaka hofu ikatike. Ni njia nzuri, na mpaka leo inatumika. Lakini kwa mama yule haikutosha kama ilivyoandikwa. Badri akaongeza mazungumzo juu ya fikra zake, na akamsomea aya za Qur'ani zinazogusa lile alilokuwa amelibeba. Mama akapata nafuu. Hapo utaona jambo la kwanza: daktari hakuitupa ile njia ya Kizungu. Aliishika, akaitia kile ambacho mgonjwa mwenyewe alikuwa anakiamini.

Mwaka 1975 alialikwa Marekani kuzungumza mbele ya jumuiya ya wasomi Waislamu wa elimu ya jamii. Kichwa cha hotuba yake kilikuwa juu ya wanasaikolojia Waislamu ndani ya shimo la kenge. Wasomaji wangu wengi wataijua asili ya maneno hayo: ni ile hadithi inayosema kwamba mtafuata nyendo za waliokuwa kabla yenu shubiri kwa shubiri, hata wakiingia shimo la kenge mtaingia nao. Badri aliichukua akawapiga nayo wenzake usoni. Hotuba ile ikakua ikawa kitabu mwaka 1979, na kimesomwa na wanafunzi Waislamu wa fani hii kuanzia Khartoum mpaka Kuala Lumpur.

Ndani yake alieleza hatua tatu anazopitia msomi wetu. Ya kwanza ni ya kupumbazika: ametoka chuoni na shahada, kila alilosema Mzungu ni wahyi. Ya pili ni ya kupatanisha, pale anapoanza kuona aibu, akatafuta aya ya kumvisha Freud kanzu ili asionekane mgeni msikitini. Ya tatu ni ya kujikomboa, ambapo huchagua kwa jicho wazi, hili lina dalili nalichukua, lile ni itikadi ya mtu nalirudisha kwa mwenyewe. Mimi naona wengi wetu, hata tusio wanasaikolojia, tumekwama ile ya pili.

Jambo ninalolipenda zaidi katika safari yake ni kwamba hakuishia kulalamika. Alikwenda kuchimba. Alimkuta Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Balkh, katika Afghanistan ya leo, aliyefariki mwaka 934. Al-Balkhi aliandika kitabu juu ya maslahi ya mwili na ya nafsi, na Badri akaitafsiri kwa Kiingereza sehemu ya nafsi, ikatoka mwaka 2013. Ukiisoma utashangaa. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita yule bwana ameainisha hofu, hasira, huzuni na wasiwasi wa kujirudia, kila kimoja na tiba yake. Huzuni ameigawa: iko yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na iko inayomshukia mtu bila yeye kujua imetoka wapi, na hii ya pili ameinasibisha na hali ya mwili wenyewe, kwa hiyo ina haki ya kutibiwa kwa dawa. Anashauri pia mtu aweke akiba ya fikra njema wakati ametulia, kama anavyoweka dawa nyumbani kabla hajaugua.

Soma tena hapo penye huzuni. Mwanachuoni Mwislamu wa karne ya kumi anasema nafsi nyingine huumwa kwa sababu ya mwili, na mwili hutibiwa kwa dawa. Hakusema kila kitu ni jini.

Na Badri vilevile. Mwaka 1976 aliandika juu ya Uislamu na ulevi, akieleza vipi pombe iliharamishwa kwa hatua, na vipi jamii ya Madina yenyewe ilimshika mkono mlevi aliyetaka kuacha. Natamani kitabu hicho kingesomwa na kila kamati ya msikiti hapa Pwani, ambako vijana wetu wanakwisha kwa unga. Methadoni inatolewa Malindi na Kisauni, na ni neema. Lakini kijana akitoka kunywa dozi yake asubuhi, anarudi katika mtaa gani, kwa nani?

Wala Badri hakuwa wa kwanza kwao. Kabla yake Sudan ilikuwa na Dkt. Tigani al-Mahi, baba wa tiba ya akili nchini humo, aliyekaa na mafaki wa vijijini na kushirikiana nao badala ya kuwafukuza. Na hapa kwetu, mtu anayekwenda Illasit kwa njia ya Nairobi hukata kona Emali, katika kaunti ya Makueni. Makueni ndiko Profesa David Ndetei na wenzake walikofanya kazi miaka kadhaa na waganga wa kienyeji na viongozi wa dini, wakiwafundisha kutambua ugonjwa wa huzuni nzito na kujua wakati wa kumpeleka mgonjwa hospitali. Hawakumnyang'anya mganga tasbihi wala kibuyu chake.

Nasema haya huku nikijua upande wa pili. Mwaka 2011 watu kutoka kila pembe, Wakenya wakiwemo, walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji Ambilikile Masapila kwa shilingi 500 za Tanzania. Wako waliofia foleni. Wako walioacha dawa zao wakiamini wamepona. Kisha mwaka 2023 yakaja ya Shakahola, hapa hapa Kilifi, zaidi ya maiti 400 zikafukuliwa msituni, za watu walioambiwa njaa itawafikisha kwa Mungu. Baada ya hayo, mtu akikwambia "mimi natibu roho", una haki ya kumhoji.

Muulize kwanza amesomea wapi. Tangu mwaka 2014 Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia, na jina hilo si la kujibandika mlangoni. Muulize ukishindwa unampeleka wapi mgonjwa. Badri angeweza kulijibu hilo kwa nusu dakika. Mganga wa mbuzi wawili hakuulizwa. Na ukisikia mtu anasema "acha vidonge, dawa yangu haichanganywi", chukua viatu vyako. Sheikh wa kweli wa ruqya hasemi hivyo, kwa sababu Mtume, rehema na amani zimshukie, ameamrisha watu watafute dawa, na yeye mwenyewe alisoma dua na alitumia dawa.

Usiku wa pili kule Illasit nilimweleza mtoto wa ami yangu habari za al-Balkhi. Freud sikumtaja kabisa. Nilimwambia tu kwamba mwanachuoni wetu mmoja alisema huzuni nyingine hutoka mwilini. Alinyamaza muda mrefu. Mkewe, ambaye tangu nifike hakuwa amechangia neno katika habari hii, akauliza kutoka mlangoni: "Shemeji, kwa hivyo akimeza dawa, kisomo hakiharibiki?" Nikamwambia hakiharibiki.

Asubuhi yake tulimpeleka kijana hospitali ya Loitokitok, sisi watatu, na baba yake akimsomea Ayatul Kursiy kimoyomoyo ndani ya matatu. Daktari alimuuliza kijana maswali kwa upole, akasema ataandika barua apelekwe kwa mtaalamu wa akili. Vidonge vya mwanzo alivipokea mama yake. Alivifunga katika pindo la leso, pamoja na kile kikaratasi cha zafarani.