Mfumo wa faili wa mtandao

Mfumo wa faili wa mtandao ni sehemu ya mfumo wa uendeshaji inayoiwezesha kompyuta kutumia faili zilizohifadhiwa kwenye kompyuta nyingine kana kwamba zimo katika diski yake yenyewe. Kompyuta inayotunza faili huitwa seva, na ile inayozitumia huitwa mteja. Mfumo unaojulikana zaidi ni NFS, uliobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani katikati ya miaka ya 1980. Mawasiliano yake hufuata utaratibu wa miito ya mbali (RPC): kompyuta moja huomba kazi ifanywe na nyingine, kisha husubiri jibu.

Kazi ndani ya kiini

Kwa mfano, seva iko Musoma na mwanafunzi anafungua faili akiwa Butiama. Programu yake hukiomba kiini cha mfumo wa uendeshaji kisome faili, kama inavyofanya kwa faili yoyote. Kiini hutambua kwamba faili hiyo haimo katika diski ya hapo. Sehemu ya NFS hutayarisha ombi lenye kitambulisho cha faili, mahali pa kuanzia kusoma na idadi ya baiti. Sehemu ya RPC hulipanga ombi kwa muundo wa XDR, unaoeleweka na kompyuta za aina mbalimbali, hulipa namba na kulituma. Programu husubiri. Huko Musoma, kiini cha seva husoma diski na kurudisha jibu lenye namba ileile.

Kwa kuwa haya yote hufanyika ndani ya kiini, programu za kawaida hazihitaji kubadilishwa. Pia data hainakiliwi mara nyingi kati ya kiini na programu, hivyo muda huokolewa.

Mawasiliano yanapokatika

Katika toleo la 2 na la 3 la NFS, kila ombi hujitosheleza. Umeme ukikatika na seva ikawaka tena, mteja hurudia tu ombi lake. Kusoma mara mbili hakuna madhara, lakini kufuta ni tofauti: jibu la kwanza likipotea, ombi la pili lingeambiwa kuwa faili haipo. Kwa hiyo seva hutunza kwa muda majibu ya karibuni na kulitambua ombi lililorudiwa kwa namba yake.

Msimamizi anaweza kuagiza mteja asubiri bila kikomo, au akate tamaa baada ya majaribio kadhaa. Njia ya pili huzuia programu kukwama, lakini programu isiyoangalia taarifa ya kosa inaweza kuacha faili ikiwa imeandikwa nusu. Kwa faili zinazoandikwa, njia ya kwanza ni salama zaidi.

Umbali

Mkoani Mara, mradi wa ICT4RD uliowahusisha COSTECH, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na chuo kikuu cha KTH cha Uswidi ulijenga mtandao wa kasi katika wilaya za Bunda na Serengeti. Katika mtandao unaovuka umbali wa namna hiyo, kila mwito hungoja safari ya kwenda na kurudi. Toleo la 2 liliruhusu baiti 8,192 tu kwa ombi moja. Toleo la 3, la mwaka 1995, liliondoa kikomo hicho, na toleo la 4, lililotolewa kwanza mwaka 2000, huunganisha kazi kadhaa katika mwito mmoja. Vilevile kiini cha mteja husoma sehemu za mbele kabla hazijaombwa na kuziweka katika kumbukumbu yake.