Homoni Imezidi, Lakini Imetoka Wapi?

Mwambie mgonjwa anyooshe mikono mbele, umlazie karatasi nyepesi juu ya vidole. Ikitetemeka, na moyo unakwenda mbio hata akiwa ameketi, na anakonda ilhali anakula vizuri, daktari huanza kuishuku tezi ya thairoidi, ile iliyokaa mbele ya koo. Damu ikipimwa, TSH, homoni inayoiamuru tezi, imeshuka na T4, homoni ya tezi yenyewe, imepanda. Wengi huandikiwa kabimazoli hapohapo. Kwangu mimi, kazi ndiyo kwanza imeanza.

Tezi hii ni kiwanda chenye ghala: hutengeneza homoni na kuweka akiba ya wiki nyingi. Homoni ikizidi, ama kiwanda kimepitiliza, ama ghala limevuja. Kabimazoli hupunguza uzalishaji, haizibi ghala.

Chukua mama aliyejifungua miezi mitatu iliyopita. Moyo unamdunda, usingizi hana, na nyumbani wanasema ni uchovu wa kulea. Huenda kinga ya mwili imeijeruhi tezi na akiba inavuja. Huyo propranololi ya kutuliza moyo humtosha. Homoni hushuka zenyewe, pengine hadi chini ya kiwango, kwa hiyo apimwe tena. Lakini macho yakiwa yametokeza, au kingamwili dhidi ya kipokezi cha TSH zikionekana kwenye damu, huo ni ugonjwa wa Graves, na kabimazoli inamfaa, kwa kawaida miezi 12 hadi 18. Takriban nusu ya wagonjwa hurudiwa na ugonjwa wakishaacha dawa.

Mzee mwenye rovu la miaka mingi ana kisa kingine. Vinundu vyake vimejifanyia kazi bila kusubiri amri ya ubongo. Dawa huvituliza tu, ukiacha, vinaamka. Tiba ya kudumu ni iodini ya mionzi, ambayo mjamzito na anayenyonyesha hawapewi kamwe, au upasuaji. Wenye marovu ya aina hii ndio waliozidiwa na homoni zaidi huko Kivu, mashariki mwa Kongo, miaka ya 1990, chumvi yenye iodini ilipoanza kuenea: vinundu vilivyokuwa na njaa vikapata malighafi. Chumvi hiyo si adui, imeokoa akili za watoto wengi.

Na wewe unayemeza kabimazoli: ukipata homa au koo likiuma, acha dawa, nenda hospitali siku hiyohiyo ukapimwe chembe nyeupe za damu, kwani dawa hii huweza kuzishusha. Usingoje kesho.