Chombo cha Wareno na Deheni ya Babu

Wakazi wengi wa Mombasa wameipita Fort Jesus mara elfu na moja, wakienda sokoni au wakipunga upepo. Ni wachache wajuao kwamba karibu na kuta zake, chini ya maji kiasi cha mita 15, kimelala chombo cha kivita cha Wareno, Santo Antonio de Tanna. Kilizama mwaka 1697, ngome ilipokuwa imezingirwa na majeshi ya Oman. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi na wataalamu wa mambo ya kale walikichimbua, na baadhi ya vitu vyake vimewekwa katika makumbusho ya ngome hiyo.

Majuzi rafiki yangu mwalimu aliniomba niwatembeze wanafunzi wake thelathini. Yeye alitaka tarehe tu, za kujibia mtihani. Mimi nikaona heri tuanze na swali.

"Ubao ukizama hapa baharini, utakaa muda gani?"

"Haukai, ami," akajibu mmoja. "Utaliwa."

Kweli. Mla mbao huyo, ingawa ana umbo la mnyoo, ni jamaa ya chaza na kome. Huingia angali mdogo kwa tundu lisiloonekana, kisha hukulia ndani, hata ubao ukaonekana mzima kwa nje kumbe ndani ni ganda tupu. Sasa, mbona chombo hiki hakikuliwa chote? Kwa sababu sehemu yake ya chini ilizikwa na tope, na ndani ya tope hewa ni haba, mdudu hapumui. Kilichobaki juu ya tope ndicho kilicholiwa. Huko Sweden, meli ya Vasa iliyozama 1628 iliopolewa 1961 ikiwa karibu nzima, maana bahari yao ina chumvi kidogo na mdudu huyo haishi humo. Sisi tuliokolewa na tope.

Hapo msichana mmoja aliyekuwa kimya tangu mlangoni akasema, "Babu hapaki tope, hupaka deheni."

Wenzake wakacheka. Mwalimu akatazama saa yake. Mimi nikamwomba aeleze, naye akaeleza vizuri kuliko mimi: shahamu na chokaa huchanganywa, chombo hupandishwa pwani, kikasuguliwa, kikapakwa sehemu yote ikaayo majini, na mbao za juu hupakwa sifa. Kicheko kikakatika. Nikawaambia kwamba tope na deheni zinafanya kazi moja, kumzuia mdudu asiufikie ubao, na kwamba mafundi wetu walilijua hilo bila ya kuingia darasani. Kwa nini basi mtoto aone haya kulitaja mbele ya mwalimu wa sayansi? Hilo liliniuma.

Nikamwuliza nani atarithi kazi ya babu. Akasema hakuna, ami zake wote wana kazi mjini, na mashua za siku hizi nyingi ni za faiba.

"Basi andika wewe. Chokaa kiasi gani, shahamu kiasi gani."

"Babu hapimi, ami. Huvuta kwa vidole, ikikubali ndiyo hiyo."

Nikamwambia likizo ijayo aende na mizani, aipime kabla babu hajaanza kuvuta.