Jirani Aliyefanywa Mgeni

Siasa kali za mrengo wa kulia, zinazozidi kushika nguvu Ulaya na Marekani, huinadi nchi kuwa milki ya watu wa asili moja na kumhesabu mhamiaji kuwa mwizi wa riziki. Na taasubi hiyo ndiyo iliyomsukuma muuaji wa Christchurch, New Zealand, aliyewaua Waislamu 51 misikitini tarehe 15 Machi 2019. Sisi Wakenya tunaijua kwa sura ya ukabila.

Soko la Toi, lililo ukingoni mwa mtaa wa mabanda wa Kibera, Nairobi, ambako Mjaluo, Mkikuyu, Mluhya, Mkamba na Mnubi huuza mitumba bega kwa bega, liliteketezwa katika fujo zilizofuata matokeo ya uchaguzi yaliyotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, fujo ambazo, kwa hesabu ya Tume ya Waki, ziliua watu 1,133. Chuki hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Tangu mwaka 2001 wapangaji na wenye nyumba wa Kibera walikuwa wamekwisha kumwagana damu kwa ajili ya kodi, baada ya wakubwa kutamka hadharani kwamba kodi ipunguzwe. Kwani mwanasiasa akiikuta dhiki ya kweli, hana haja ya kuizua, bali huipa kabila tu. Kawangware, mtaa mwingine wa Nairobi, nayo iliungua Oktoba 2017, siku moja baada ya uchaguzi wa marudio wa urais.

Dawa ya serikali ilikuwa sheria ya mwaka 2008 iliyounda Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ili kuwaandama wachochezi, walakini waliohukumiwa ni haba. Mimi naona walilofanya wachuuzi wa Toi lina uzito zaidi: walikuwa na vikundi vya akiba ya kila siku, chini ya Muungano wa Wanavijiji, na wengine walikuwa wanachama wa Jamii Bora, shirika la mikopo lililoanza mwaka 1999 na akina mama 50 ombaomba. Mtu aliyemdhamini mwenziwe deni huona tabu kuchoma kibanda chake, kwa maana hasara ni yake pia. Soko lilipojengwa upya, hata baadhi ya vijana walioshiriki kulibomoa waliitwa kushika nyundo.

Ama washukiwa sita wa fujo za 2007 waliotajwa na mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, kesi zao zilianguka moja baada ya nyingine, ya mwisho tarehe 5 Aprili 2016, pasipo hata mmoja kutiwa hatiani.