Mashua ya tanga wakati wa masika: swala, chakula na usalama kwa familia za visiwani



Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), ahli zake na maswahaba wake wote. Ama baada ya hayo:

Masika yanapoingia mkoani Mara, kati ya Machi na Mei, maswali kutoka kwa familia za visiwani huwa ni yale yale. Mvuvi amekesha ziwani na Alfajiri imemkuta chomboni, afanye nini? Mama anavuka na watoto kutoka Rukuba kwenda Musoma, mvua imeanza na upepo umekatika, Alasiri ataiswali wapi? Nguo zimelowa maji yenye magamba na damu ya samaki, je, swala inasihi? Na je, inafaa kumhimiza nahodha aondoke hali ya hewa ikiwa mbaya kwa sababu tunawahi mazishi?

Tumeona tuyajibu kwa pamoja, tukianza na hali yenyewe ya ziwa na maisha ya chomboni, kwani hukumu haieleweki vizuri bila kuijua hali inayohusika.

Ziwa wakati wa mvua

Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, na hali yake ya hewa linajitengenezea lenyewe kwa kiasi kikubwa. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hivyo upepo hutoka ziwani kuelekea bara. Usiku mambo hugeuka: bara hupoa, maji hubaki na joto lake, na upepo hutoka bara kuelekea ziwani. Wenye matanga wanazijua pepo hizi mbili. Upepo wa usiku huwatoa ufukweni, na upepo wa mchana huwarudisha nyumbani.

Lakini pepo za usiku zinazotoka pande zote za ziwa hukutana katikati, juu ya maji yenye joto. Hewa hiyo hupanda na kufanya mawingu mazito ya radi. Ndiyo maana dhoruba kubwa za ziwa hili hupiga zaidi usiku wa manane mpaka alfajiri, saa zile zile ambazo wavuvi wengi wako kazini. Kwa upande wetu wa mashariki kuna hatari nyingine pia: mawingu yanayojengeka juu ya milima ya bara mchana huweza kusukumwa kuja ziwani jioni. Anayeondoka mwaloni jioni ya masika ana sababu ya kutazama mashariki kabla hajapandisha tanga.

Siku moja chomboni

Safari ambayo kwa injini ni fupi, kwa tanga huweza kula nusu siku upepo ukikatika. Kutoka visiwani hadi Mwigobero pale Musoma, au kutoka Nafuba kwenda upande wa Bunda kupitia ghuba ya Speke, watu hukaa juu ya mizigo: magunia ya dagaa yakienda, mahindi, mihogo na mkaa vikirudi. Mihogo na mahindi mengi hushuka kutoka vijiji vya bara, Butiama ikiwemo, na mvuvi wa kisiwani huishi kwa mzigo huo kama mkulima wa bara anavyoishi kwa kitoweo cha ziwani.

Mvua ikinyesha, turubai hufunika kwanza chakula na nguo kavu, kisha watoto. Mtu mmoja huwa na kopo mkononi akitoa maji yanayokusanyika chini ya chombo, na kazi hiyo haina mapumziko, kwa sababu maji ya mvua huingia juu na mengine hupenya kwenye maungio ya mbao. Ni vizuri kazi hii ipewe zamu tangu mwanzo wa safari.

Chakula kipikwe nyumbani. Jiko la mkaa chomboni wakati wa upepo huunguza watu na tanga. Ugali uliofungwa vizuri, dagaa wa kukaanga, viazi vya kuchemsha na chupa ya chai ya moto vinatosha. Maji ya kunywa yachemshwe na yabebwe kwenye dumu lenye kifuniko. Wakati wa masika mvua husomba uchafu wa vijijini na kuumwaga ziwani, na hapo ndipo kipindupindu na homa ya matumbo huongezeka. Maji kuwa twahara kwa udhu haina maana kuwa ni salama kwa kunywa.

Twahara

Maji ya ziwa ni twahara na yanatwaharisha, hata yakiwa na tope la mvua, maadamu tope hilo ni la udongo. Basi hakuna tayammam kwa mtu aliye juu ya maji na anaweza kuyachota. Lakini asiiname ubavuni mwa chombo kutawadha, kwa sababu wapo wanaoanguka kwa njia hiyo. Achote kwa kopo au ndoo yenye kamba, atawadhe akiwa amekaa. Anayetawadhia ufukweni naye asisimame kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, kwani huko ndiko kichocho huambukizwa.

Magamba, utelezi na harufu ya samaki si najisi. Damu ya samaki wanazuoni wamehitilafiana: wapo walioiona najisi na wapo walioiona twahara. Kidogo kinachomrukia mtu kazini kinasamehewa kwa sababu ni vigumu kukiepuka. Akiwa na kanzu au kanga safi ndani ya mfuko wa plastiki, aivae wakati wa swala, atatoka katika khilafu yote.

Ama haja, Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) amekataza watu kujisaidia katika sehemu ambazo watu huchota maji, kama ilivyo katika hadithi aliyoipokea Abu Daud. Visiwani mwalo ndio kisima cha kijiji. Ndoo yenye mfuniko na kanga ya kusitiri kwa akina mama vibebwe katika kila safari ndefu.

Swala

Kuhusu wakati: wengi visiwani, hasa ndugu zetu waliotoka Unguja na Pemba, hutumia kalenda za swala za pwani. Jua haliingii Musoma wakati mmoja na Zanzibar. Musoma iko magharibi zaidi kwa nyuzi kama 5 na nusu za longitudo, hivyo Adhuhuri yake huchelewa takriban dakika 20. Nyakati nyingine nazo hutofautiana, kwa kuzidi au kupungua kulingana na mwezi. Siku ya mawingu, ambapo jua halionekani, mwenye kufuata kalenda ya Zanzibar anaweza kuswali Maghribi au kufuturu kabla ya jua kutua. Tumieni ratiba ya Musoma.

Kuhusu kibla: kutoka Mara, Makka iko kaskazini, kwa kuelekea mashariki kidogo sana. Mwenye simu atumie dira yake, na asiye nayo amuulize nahodha kaskazini iko wapi. Chombo kikigeuka naye yuko ndani ya swala, ageuke nacho akiweza. Akishindwa, aendelee alivyo.

Kuhusu kusimama: imepokewa kuwa Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) aliulizwa juu ya swala ya chomboni, akaelekeza mtu aswali kwa kusimama isipokuwa akihofia kuzama. Na katika hadithi ya Imran bin Huswayn iliyo katika Sahihi ya Bukhari, asiyeweza kusimama ataswali kwa kukaa. Katika mashua ya tanga yenye watu na mizigo, mtu akisimama huweza kuvuruga uwiano wa chombo chote. Hofu hiyo ni ya kweli, basi ataswali akiwa amekaa, ainame kwa rukuu na ainame zaidi kwa sijda, wala hana haja ya kuirudia akifika nchi kavu. Kama wako wengi, waswali kwa zamu, wasijikusanye upande mmoja. Nahodha na mwenye kushika kamba ya tanga wapokezane.

Jaketi okozi halivuliwi kwa ajili ya swala. Swala inasihi nalo.

Kuhusu kupunguza: kwa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo wengi wetu tunayafuata, safari ya kuqasiri ni takriban kilomita 80 na zaidi. Kuvuka kutoka Rukuba kwenda Musoma, au kutoka Kisorya upande wa Bunda kwenda Rugezi kisiwani Ukerewe, hakufiki huko. Swala hizo ni kamili. Anayesafiri kwa maji kutoka Musoma hadi Mwanza anaruhusiwa kuqasiri na kujumuisha Adhuhuri na Alasiri, na Maghribi na Isha. Alfajiri haijumuishwi na swala yoyote, na ndiyo inayopotea zaidi kwa wavuvi. Asiyetarajia kufika ufukweni kabla ya jua kuchomoza aiswali chomboni, hata kama amelowa na samaki wako miguuni pake.

Dhoruba ikipiga wakati wa swala, kuokoa roho kunatangulia. Atashusha tanga, atatoa maji, atamshika mtoto, hata kwa kuikata swala. Kisha ataswali kwa namna anayoweza. Surat Al-Baqara aya ya 239 imetoa ruhusa kwa mwenye hofu kuswali akitembea au akiwa juu ya kipando.

Tahadhari ni sehemu ya ibada

Tunasikia watu wakisema ajali ni qadar na mwenye kuzama ni shahidi. Ni kweli kwamba aliyezama ametajwa miongoni mwa mashahidi katika hadithi sahihi. Lakini hadithi nyingine, aliyoipokea Imamu Ahmad na Bukhari katika Al-Adab Al-Mufrad, inaonya kuwa anayepanda bahari wakati imechafuka kisha akaangamia, dhima imeondoka kwake. Zote mbili ni za Mtume mmoja. Ya kwanza ni faraja kwa wafiwa. Ya pili inamhusu anayetaka kuondoka.

Ziwa hili limetufundisha kwa gharama kubwa. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichobeba jina la mtoto wa Butiama, kilipinduka karibu na Ukara na kuua zaidi ya watu 200. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimebeba watu kupita kiasi. Kama meli ya chuma inapinduka kwa kuzidishiwa abiria, mashua ya mbao itasalimikaje?

Basi kabla ya kuondoka: sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo hutoa taarifa za Ziwa Victoria. Kila mtu avae jaketi okozi linalomtosha, mtoto apewe la mtoto, na livaliwe tangu ufukweni, lisiwekwe chini ya magunia. Mzigo mzito ukae chini, katikati. Simu ifungwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, na mtu aliyebaki nyumbani ajue saa ya kuondoka na ya kutarajiwa kufika. Kamba ya tanga ishikwe mkononi, isifungwe, ili upepo wa ghafla ukija iachiwe mara moja. Radi ikianza, shusheni tanga, kaeni chini, mbali na mlingoti.

Neno kwa familia

Mara nyingi nahodha huondoka na wingu akiliona kwa sababu ya shinikizo: simu kutoka nyumbani, abiria wanaonung'unika, maiti inayosubiri, Idd ya kesho. Ndugu zetu, kuharakisha mazishi ni sunna, na kulinda walio hai ni wajibu. Maiti anaweza kuzikwa na waliopo, na walio ng'ambo wakaja kumuombea dua kesho. Idd inaswaliwa popote. Mke akimwambia mumewe alale Musoma leo, amesaidia dini yake na watoto wake. Nahodha anayekataa kuondoka tusimwite mwoga.

Tanga likipanda, tusome dua ya kupanda kipando iliyo katika Surat Az-Zukhruf aya ya 13 na 14, na maneno ya Nabii Nuh (alayhis salaam) katika Surat Hud aya ya 41. Wafundisheni watoto maneno hayo mapema, na siku hiyo hiyo wafundisheni kufunga kamba za jaketi.

Tunamuomba Allah awahifadhi wasafiri wa ziwani, awarehemu waliotangulia, na aifanye mvua hii kuwa ya kheri.

Na Allah ni Mjuzi zaidi.